Mkia wa Pomboo Shavuni mwa Zeu

Siku ya Herme, tarehe 4, Mwezi wa Zabibu

Watu wa Melaina wamejitoa kwenye Umoja wa miji yetu! Na hawakujitoa kwa kura tu — wamewachinja askari wetu waliokuwa wakilinda ngome yao. Vitandani mwao. Mpiga mbiu alikuwa akitangaza sokoni huku analia, maana mwanawe alikuwa mmoja wao. Watu walianza mayowe kabla hajamaliza.

Nilimtazama mume wangu. Sosandros alikuwa ameshika fungu la vitunguu, akaendelea kulishika tu. Yeye ni mzaliwa wa Melaina, ng'ambo ya mto, na hapa Akrota kila mtu anajua. Alinioa kwa sheria ya Umoja, ile inayomruhusu mtu wa mji mmoja kuoa na kununua shamba katika mji mwingine. Miaka yote hii hakuna aliyemwita mgeni. Leo muuza vitunguu alikataa pesa yake.

Na pesa yenyewe ni ileile! Fedha ya Umoja ni moja, uso wa mungu wetu Zeu upande huu, shada la majani upande ule. Ila ndani ya shada kila mji unatia kialama chake. Sisi kichwa cha mbuzi. Melaina pomboo. Jana nani aligeuza sarafu kutazama? Leo yule baba aliigeuza, akaona pomboo, akaitemea mate na kuitupa miguuni petu.

Mpiga mbiu akamalizia: fedha zote za pomboo ziletwe karakana ya sarafu, zipigwe upya, pomboo afutwe, mbuzi akae. Na mpiga nyundo wa karakana ni nani? Mume wangu. Mwenzake ndiye aliyekwenda kulinda ngome ya Melaina. Hatarudi.

Njiani nikamwuliza, utaweza kuufuta mji wenu? Akasema fedha ni fedha. Muongo mkubwa! Ile sarafu iliyotemewa mate alikuwa ameiokota, ameifumbata ngumini.

Siku ya Artemi, tarehe 6

Askari wamesimama kwenye lango la soko wanawafungua watu vinywa. Nani anabeba vijisarafu mkononi kwenye msongamano ule? Shavuni ndiko mfukoni mwetu, toka babu zetu. Nao wanajua. "Fungua domo!" Wanaingiza kidole, wanatoa sarafu, wanaigeuza. Ukiwa na mbuzi unapita. Ukiwa na pomboo, lo.

Jirani yangu Myrto, muuza mikate, hawezi kunyamaza hata akilipwa. Askari akamwambia fungua domo. Myrto akamjibu, "Domo analo mama yako, mimi nina kinywa." Akapigwa mpini wa upanga. Meno mawili yakaruka pamoja na sarafu. Sarafu ilikuwa ya mbuzi! Wakamrudishia. Anasema kwa lile pengo, "Na meno je, mbona hamyarudishi?" Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana damu ilikuwa imemjaa kifuani.

Mfinyanzi Eudamos hakuchekesha mtu. Naye ni wa Melaina, amekaa hapa kabla hata Sosandros hajaja. Wakamkuta na pomboo chini ya ulimi. Si askari waliompiga — ni watu. Wateja wake! Walichukua mitungi yake mmoja mmoja wakampasulia kichwani, na kila unapopasuka wanashangilia kama wako harusini. Nilimwona mama mmoja ninayemjua akichagua mtungi, anauacha mzuri, anachukua wenye ufa. Sikwenda kumsaidia. Nilivuta ushungi nikarudi nyumbani mbio, nikafunga mlango.

Siku ya Apolo, tarehe 7

Wamekuja.

Nilijua watakuja. Nilipanda juu ya paa tangu asubuhi. Waliposimama mlangoni wakiita "Pomboo! Pomboo toka nje!" niling'oa kigae cha kwanza. Naapa kwa Hera, sikujua kama nina nguvu hizi. Kigae cha kwanza kilimpata mpwa wa Damainetos, msimamizi wa karakana. Kikamchana kichwa toka paji hadi sikio. Cha pili, cha tatu. Nilikuwa natukana matusi ambayo sikujua nayajua. Myrto naye juu ya paa lake, na mdomo ulivyovimba, akasaidia! Wanawake wengine wawili wa mtaa wakapanda. Tumeng'oa nusu ya paa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu — waliruka ruka kama kuku.

Lakini mlango ulikuwa umevunjika tayari. Walimburura Sosandros hadi kizingitini. Kila mtu anampiga mahali pake. Kuna aliyekanyaga mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti, akaukanyaga tena, akaruka juu yake kwa miguu miwili. Sijui ni nani. Ningemjua ningekuwa nimeshamuua.

Walikimbia vigae vilipozidi. Na nani nikamwona amesimama pembeni ya ukuta wa Myrto, mikono nyuma? Agias. Ndugu yangu wa tumbo moja, mshika koleo wa karakana, anayekula mezani kwangu. Nikamwuliza ulikuwa unangoja nini. Akasema, "Dada, wangenipiga na mimi." Nikamtupia kigae. Kilimkosa, kwa bahati yake.

Siku ya Poseidoni, tarehe 8

Mkono umevunjika vibaya. Vidole vitatu na kifundo. Sikumwita mganga wa mifupa, yule ana mdomo kuliko Myrto. Nimeufunga mwenyewe kwa vijiti vya mzeituni. Sosandros aliuma mkanda mpaka ukakatika.

Adhuhuri Damainetos akaja mwenyewe, na watu wenye marungu. Mtu mnene, anaongea taratibu, kila neno kama analipima mizani. Mpwa wake amelala na kichwa kimeshonwa, lakini hakulitaja hilo kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema mkutano umeamua: kila mzaliwa wa Melaina asiye na kazi inayoufaa mji atatolewa nje ya lango leo. Nje ya lango kuna nani? Kuna baba za wale vijana waliochinjwa, wamekaa na mawe tangu juzi. Waliotolewa asubuhi hawakufika hata kwenye daraja.

"Wewe una nyundo," akamwambia mume wangu. "Jemadari wa Umoja anafika tarehe 13 na jeshi. Anataka kulipa askari kwa fedha ya mbuzi. Ukiipiga, unaishi. Naona mkono umeufunga?"

Sosandros akasema umechubuka tu, bwana. Akatabasamu! Jasho linamtiririka puani.

Alipoondoka tukakaa sote watatu, maana Agias alikuwa amejileta, amebeba jibini kama aendaye msibani. Akasema, shemeji, kwa mkono huo hupigi hata nzi. Mimi nikasema basi piga wewe, Agias. Wote wawili wakanitazama. Kweli, nilisahau. Agias tangu utoto hana shabaha, akipiga nyundo anapiga kila kitu isipokuwa alichokusudia. Angepasua mihuri ya kupigia sarafu siku ya kwanza, na mihuri ni ya Zeu.

Mtu mwingine wa kumwamini hayupo.

"Nitapiga mimi," nikasema.

Mle karakanani haingii mwanamke. Karakana iko nyuma ya hekalu, kila mfanyakazi amekula kiapo juu ya nyama ya nguruwe dume kwamba uso wa mungu hautazaliwa mbele ya macho ya mwanamke, sembuse mkononi mwake. Adhabu yake ni kutupwa hadi kufa kutoka juu ya Mwamba — mwanamke, na waliomwingiza. Agias akaanza kulia. Sosandros akasema hapana, hapana, hapana. Nikamwambia mume wangu, nje ya lango kuna mawe, ndani ya karakana kuna nyundo. Chagua. Au nichague mimi?

Tarehe 9

Niliingia na kikapu kama kijana wa kubeba chakula, nimevaa kanzu ya Sosandros, shuka hadi usoni. Mlango ukafungwa kwa ndani. Damainetos hataki watu waone fedha ikiyeyuka wala kupigwa, wasije wakaiba. Hiyo ndiyo heri yetu. Mlinzi anakaa nje, anasikia nyundo tu.

Kazi ni hivi. Agias anamtia pomboo motoni mpaka awe mwekundu. Anamlaza kifudifudi kwa koleo juu ya muhuri wa chini, wenye uso wa Zeu, kwenye fuawe. Sosandros anashika muhuri wa juu, wa mbuzi, kwa mkono wa kushoto. Mimi napiga. Mapigo mawili! La kwanza linamlaza pomboo, la pili linamsimamisha mbuzi. Likikosekana la pili, fedha inabaki na kumbukumbu ya pomboo.

Mara ya kwanza nilipiga kama natwanga ngano. Sosandros akacheka, kicheko cha kwanza tangu juzi. "Mke wangu, si kwa mikono. Piga kwa kiuno." Agias akajifanya hajasikia, akawa mwekundu kuliko fedha.

Nikapiga kwa kiuno. Zeu akatoka mzima, ndevu na kila kitu! Sikuamini. Nikamfikiria yule aliyerukia mkono wa mume wangu, nikapiga tena. Nikamfikiria mama aliyechagua mtungi wenye ufa. Nikapiga tena. Nisidanganye hapa — nilifurahi. Nilifurahi sana. Kila pigo lilikuwa kichwa cha mtu.

Yeye hakufurahi. Alikuwa anawatazama wale pomboo wakilazwa. Mmoja alimshika muda mrefu kabla ya kumpa Agias. Akasema baba yake alikuwa anampa mmoja kama huyo kila sikukuu ya bahari.

Tarehe 10

Mabega yanawaka moto. Siwezi kuchana nywele. Kazi inaendelea.

Siku ya soko, tarehe 12

Viganja vimechunika, nyundo inateleza kwa damu yangu mwenyewe. Fedha bado nyingi, jemadari kesho. Agias anahimiza, dada haraka, dada haraka. Adhuhuri sikuweza tena kuinua mara mbili. Nilianza kupiga pigo moja. Moja tu, la nguvu zote. Mbuzi alionekana vizuri, nikamwonyesha Sosandros. Alikuwa ana homa, macho yameingia ndani. Akasema sawa, mke wangu, sawa. Sidhani kama aliona.

Tumemaliza jua likiwa bado juu. Nikaketi kwenye jivu nikalia kwa uchovu. Agias akaniletea maji, akaninawisha viganja kimoja kimoja. Nimemsamehe nusu.

Tarehe 13

Jemadari amefika. Askari wamelipwa uwanjani, fedha inang'aa, watu wanaimba. Damainetos amempongeza mume wangu mbele ya watu! Amemwita "mwana wa Akrota". Wanaume walewale waliovunja mlango wangu wakapiga makofi. Nilisimama na wanawake, nimeficha viganja kwenye shuka.

Nimenunua samaki mkubwa. Muuza vitunguu ametupa vitunguu bure. Nimevichukua, kisha nikamwambia mbona leo mate yamekukauka. Sosandros akanivuta.

Tarehe 14

Pigo moja. Pigo langu moja limetumaliza.

Askari mmoja alikuwa anakunywa kilabuni, amelewa, anachezea mshahara wake mezani. Akaligeuza lile shada, mbuzi sawasawa. Akageuza uso wa Zeu. Akaona shavuni mwa Zeu, chini ya jicho, kuna mkia. Mkia wa pomboo! Akaona nyingine, pezi linatoka ndevuni. Akapiga ukelele kwamba Zeu amegeuzwa samaki. Wenzake wakamwaga mishahara yao mezani wakaanza kutafuta.

Mwenye kilabu alijaribu kuwatuliza. Wakamtia kichwa kwenye pipa la mvinyo wakamshikilia humo. Wakatoka wakavunja meza za wabadili fedha, wakamkata mmoja vidole alipokataa kuachia mfuko wake. Moto umeteketeza safu nzima ya maduka ya viatu. Wanasema Melaina imewacheka kutoka ndani ya fedha ya Umoja. Wanasema ni uchawi, ni laana, ndiyo maana watashindwa vita. Jeshi zima linapiga ngao na kudai aliyefanya.

Walimchukua Sosandros mezani, samaki wa jana bado hajaisha. Nilishika mguu wake. Walinipiga teke tumboni, nikashika tena. Yeye ndiye aliyeniachisha. Alinitazama tu, akatikisa kichwa taratibu. Nikaelewa anachokusudia. Nikaanza kupiga kelele na sikuweza kuacha.

Tarehe 15

Damainetos ameweka walinzi wawili mlangoni. Mimi ni mke wa msaliti, nisitoke, nisiwashe moto, mpaka hukumu. Agias ameruhusiwa kuniletea mkate. Hakuweza kunitazama.

Ameniambia yote. Wamemhoji Sosandros mbele ya jemadari. Wamemfungua mkono wakaona ulivyovunjika. Damainetos akamwuliza, taratibu vilevile, basi nani aliyepiga sarafu hizi? Agias alikuwa amesimama hapo hapo, shahidi wa karakana. Neno moja tu la shemeji yake, "Agias", na Sosandros angeokoka. Nani angebisha?

Sosandros akasema, "Nilipiga mimi, kwa mkono wa kushoto. Nilipiga polepole makusudi. Nilitaka mji wangu ubaki humo ndani."

Mkono wa kushoto! Mtu huyu hawezi kula supu kwa mkono wa kushoto!

Kesho wanampeleka thieta, uwanja wa mikutano ya mji, watu wote wapige kura. Si kura. Watampiga kwa mawe pale pale jukwaani, Agias amesema jeshi limeshakusanya mawe kwenye vikapu.

Nikasema nitakwenda niseme ni mimi. Agias akanishika mdomo. Kweli, kwa kiganja chake! Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ukisema, hawamwachi yeye. Wanatutupa Mwambani wote watatu. Afe mmoja au wafe watatu? Yeye mwenyewe amechagua." Nikamng'ata. Nikamwambia yeye hakuchagua kufa, amechagua nisife mimi, na hilo sikumwomba. Na atakufa kama msaliti, Agias! Watamtupa bila kuzikwa, mbwa wamle, na watoto wa mji huu watatemea mate jina lake, wakati hakuwahi kumsaliti mtu. Mimi nilichoka. Ndiyo hiyo tu siri kubwa ya Melaina — mwanamke mmoja wa Akrota alichoka mabega.

Agias akasema, "Mimi nataka kuishi, dada." Akalia kama alivyolia tarehe 8. Akaondoka, na nikasikia anawaambia walinzi wafunge vizuri, dada yake amerukwa na akili.

Potelea mbali, nusu niliyomsamehe nairudisha.

Tarehe 16

Wamempitisha. Nimesikia zumari, kisha kelele, kisha sauti yake akikohoa. Nakijua kikohozi chake. Walinzi wamekataa hata nichungulie.

Mji wote umekwenda thieta. Kelele inafika hapa kama mawe yanayomiminwa. Bado hawajaanza, naijua ile ya kuanza, niliisikia kwa Eudamos. Sasa ni hotuba. Damainetos anapenda hotuba, na leo aongee mpaka koo lipasuke, aongee!

Ukuta wa nyuma ni tofali la udongo, unapakana na ua wa Myrto. Wezi wa mji huu hawapiti milangoni, wanatoboa kuta kama hizi. Nimechukua mshikaki wa chuma wa kuchomea nyama. Nimechimba tangu walipompitisha. Walinzi wanacheza kete, kelele ya thieta inanificha. Viganja vimefunguka tena. Tofali tatu zimetoka, mkono unapita mpaka kwenye bega. Kichwa hakipiti.

Nimeketi kidogo nipumue, ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitapiga kelele na wataingia. Nimepanga la kusema. Sitasema mengi. Nitasema nipeni nyundo, leteni pomboo na moto, tazameni mwanamke anavyopiga pigo moja, tazameni mkia unavyobaki. Kisha nipelekeni mnakotaka. Agias sitamtaja. Nitasema nilishika koleo mwenyewe pia. Wakiniuliza nilikuwa na mikono mingapi, nitajua hapo hapo.

Naogopa. Naogopa sana ule Mwamba, tangu mtoto sikuweza kuusogelea.

Kuna mtu upande wa pili.

Kuna mtu uani kwa Myrto, anang'oa tofali. Si Myrto, anahema kiume. Udongo unadondoka ndani kwangu. Nimeinua mshikaki. Nimeuliza nani wewe, kwa sauti ndogo.

"Usichome, dada, ni mimi. Sukuma hilo la chini, limelegea. Damainetos amemaliza kusema."

Nimemwambia Agias, ondoka, kimbia, pita mtoni. Anang'oa tu, kwa mikono mitupu. Amesema tutasema pamoja, mmoja hataaminika. Meno yake yanagongana, namsikia.

Kelele imebadilika kule juu. Tofali la chini limetoka, kichwa kinapita. Tunakwenda.